Mtoto anasema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 11. Akiulizwa ipi kubwa kati ya 0.35 na 0.4, alikuwa anajibu 0.35. Rafiki yangu akanipa chati ya njia za mkato: "jaza sifuri hadi tarakimu zilingane", "asilimia, rudisha nukta nyuma" na nyingine. Ameikariri yote na sasa anapata. Lakini jana ameandika kwamba 1/4 ni 1.4. Nimtafutie chati nyingine?

JIBU: Marahaba, mama. Usimtafutie. Hata hiyo aliyonayo iweke kando kwanza.

Kosa la 0.35 nakutana nalo kila mwaka, na mara nyingi kwa watoto wanaojituma. Mtoto ametumia kanuni iliyomfaa tangu alipoanza kuhesabu: penye tarakimu nyingi ndipo penye namba kubwa. Nasi watu wazima tunamsukuma huko tunaposoma "sifuri nukta thelathini na tano". Baada ya nukta hakuna thelathini. Kuna sehemu tatu za kumi na sehemu tano za mia. Someni "sifuri nukta tatu tano", nyumba nzima, kuanzia leo.

Sasa hiyo "jaza sifuri" ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Mtoto anaandika 0.40, analinganisha 40 na 35, anapata vema. Kichwani mwake hakuna kilichobadilika. Bado anaona namba nzima mbili, moja huku na moja kule, katikati nukta. Mpime jioni hii. Muulize ipi kubwa kati ya 0.4 na 0.40. Kisha mwambie akutajie namba iliyo kati ya 0.3 na 0.4. Akisema 0.40 ndiyo kubwa, au kwamba kati ya 0.3 na 0.4 hakuna namba, basi chati imemfundisha kujibu tu.

Na 1/4 kuwa 1.4 ni ugonjwa uleule. Kwake mstari wa sehemu na nukta ya desimali vinafanya kazi moja, kutenganisha namba mbili. Ameona kiasi (namba ya juu), ameona asili (namba ya chini), hajaona kwamba vyote viwili kwa pamoja ni namba moja, tena ndogo kuliko 1. Muulize kwa mdomo kama robo ni zaidi ya kitu kizima au pungufu. Naamini atajibu sawasawa. Hakuna aliyemzoeza kujiuliza hivyo akiwa ameshika kalamu.

Chukua karatasi, chora mraba, ugawe safu 10 na kila safu vimraba 10. Mraba mzima ni 1, safu moja ni 0.1, kimraba kimoja ni 0.01. Apake rangi 0.4: safu nne. Kwenye mraba wa pili apake 0.35: safu tatu na vimraba vitano. Usimweleze kitu, mwache atazame. Siku nyingine apake vimraba 25, aandike chini yake 1/4, 0.25 na asilimia 25. Rangi ni ileile, majina matatu. Na neno lenyewe lisikilizeni: asili, mia. Ni sehemu ambayo asili yake ni 100, wala hapahitajiki nukta ya kuhamishwa.

Wanaosambaza hizi "hesabu kwa dakika tano" hawasemi kila kanuni inakwama wapi. "Ukizidisha kwa 10, ongeza sifuri": 7 inakuwa 70, vizuri, 0.7 inakuwa 0.70, na haijasogea hata kidogo. "Kuzidisha hukuza": mbona 8 mara 0.5 ni 4? Nimepokea vijana wa sekondari waliolelewa hivyo. Waambie 200 iongezwe asilimia 10, kisha jibu lipunguzwe asilimia 10, wanaapa inarudi 200. Inapanda hadi 220, halafu inashuka hadi 198, kwa sababu asilimia 10 ya pili ni ya 220. Hawakuwahi kuulizwa "asilimia 10 ya nini?"

Simaanishi kanuni zitupwe. Mrudishie chati siku atakapokuonyesha kwenye ule mraba, kwa kidole chake, kwa nini asilimia 5 ni 0.05 na si 0.5.