Makala yangu ya viazi imerudishwa

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Mbeya. Makala yangu kuhusu ugonjwa wa mnyauko wa viazi katika milima ya Uporoto imerudishwa na jarida la nje kwa mstari mmoja: Kiingereza kirekebishwe. Data hakuna aliyezigusa. Je, mimi si msomi?

Marahaba, mwanangu. Msomi ni wewe uliyeikwea milima ya Uporoto na mvua ya Machi kuhesabu mashina. Mwaka 2023 mtafiti Tatsuya Amano na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji wanasayansi wa mazingira 908 wa mataifa 8. Wasiozaliwa na Kiingereza waliombwa kurekebisha lugha takriban mara 12 na nusu zaidi ya wenye nacho. Inaniuma sana, maana muda huo ungekuwa wa shambani! Hata Einstein mwaka 1905 aliandika makala zake kwa Kijerumani, lugha yake.

Sasa katakata sentensi ndefu. Mpe mwenzako aisome kwa sauti, kisha umwombe mhariri akutajie aya zinazomkwaza. Na muhtasari uandike kwa Kiswahili, umpelekee bwana shamba wa Isyonje kabla msimu wa kupanda haujaanza.