Maswali na majibu: Kwa nini nalia kwenye mkao wa njiwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 41, naishi Tanga. Tangu mwanzoni mwa mwaka nafanya yoga mara mbili kwa wiki kwa sababu ya maumivu ya kiuno. Kiuno kimepata nafuu, lakini limezuka jambo jingine. Tukifika kwenye mkao wa njiwa, ule wa kukunja mguu mmoja mbele na kunyoosha mwingine nyuma, au mwishoni tunapolala chali, machozi yananitoka yenyewe bila kuwaza lolote. Siku nyingine kifua kinabana, nalia kwa kwikwi na vidole vinaingia ganzi. Mwalimu anasema nyonga ndizo zinazohifadhi huzuni, kwamba hiyo ni sumu inatoka, niiachie. Dada yangu anasema nimepandwa na mashetani, niache kabisa. Mwaka jana nilifiwa na mama, ila msiba niliumudu vizuri, mimi ndiye niliyesimamia kila kitu. Kitaalamu hii ni nini? Niendelee?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kufiwa na mama. Endelea, ila badilisha mambo kadhaa nitakayoyataja. Kulia katikati ya yoga ni jambo ambalo sisi tunaofanya kazi na miili ya watu tunakutana nalo mara kwa mara, kwenye mkeka na hata kwenye kitanda cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Machozi yako ni ya kweli na yana sababu. Sababu uliyopewa ndiyo yenye kasoro, ya mwalimu na ya dada pia.

Tuanze na machozi yenyewe. Wengi hudhani mtu hulia pale mwili unapobanwa kuliko wakati mwingine wowote. Mara nyingi ni kinyume chake. Mishipa ya fahamu inayoendesha moyo, utumbo na tezi bila sisi kuamua ina pande mbili, mmoja wa kuhamasisha na mwingine wa kutuliza. Tezi ya machozi hupata amri yake ya kumwaga machozi hasa kutoka upande wa kutuliza, kupitia neva ya uso. Mwaka 1979 wanasaikolojia wa Marekani, Jay Efran na Timothy Spangler, walieleza kilio cha watu wazima kuwa ni tendo la hatua mbili: kwanza mwili unapanda, yaani unahamasika, kisha unapata ishara kwamba hatari imepita, na machozi yanakuja wakati wa kushuka. Mama aliyepotelewa na mtoto sokoni halii akiwa anamtafuta. Analia akishamshika mkono.

Sasa rudi kwenye sentensi yako, “msiba niliumudu vizuri.” Kila msiba wetu una mtu wa namna yako. Ndiye anayeshika daftari la michango, anayejua mchele uliobaki, nani alale wapi, na kama gari la kwenda makaburini limeshatiwa mafuta. Mtu huyo halii kwa sababu hana nafasi. Akikaa chini, kuna anayemwita. Arubaini inapita, wageni wanatawanyika, naye anarudi kazini akiambiwa ana moyo mgumu. Darasa lako la yoga huenda ndiyo saa pekee ambayo simu iko nje na hakuna anayekuuliza chochote. Siwezi kukuapia kwamba machozi hayo ni ya mama, maana wewe mwenyewe unasema huwazi lolote. Lakini mwili hauhitaji uwaze ndipo ushuke.

Kinachoushusha hasa ni pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Katika yoga ya polepole mnaweza kufika mara 6 hivi, na kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta. Kila unapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kidogo kupitia neva ya vagasi, neva kuu ya ule upande wa kutuliza. Ukirefusha kutoa, unauongezea nguvu upande wa kutuliza, na hilo linapimika kwenye mashine ya moyo. Baada ya dakika 40 za kufanya hivyo, mkiwa mmelala kimya, si ajabu mwili uliokuwa umejikaza kwa miezi ukaachia. Kwa wengine unaachia kwa usingizi, kwa wengine kwa kupiga miayo au kutetemeka mapaja, kwako kwa machozi.

Kwa nini njiwa basi, na si mkao wa kusimama? Katika njiwa, mguu ulionyooka nyuma unavuta msuli mrefu uitwao soasi. Msuli huo unaanzia pembeni mwa pingili za kiuno, unapita mbele ya nyonga na kushika mfupa wa paja kwa ndani. Hapo juu unapoanzia ni jirani na mizizi ya kiwambo, ule msuli mkubwa wa kupumulia, ambao nao umeshika pingili za kiuno. Ukivuta kwa nguvu mahali hapo, pumzi inabadilika utake usitake. Mguu uliokunjwa mbele unavuta misuli ya makalio, na mvuto wake ni mkali. Ukae hapo dakika tatu au tano, mahali penye hisia nyingi kiasi hicho, na ubongo unalazimika kusikiliza yanayotoka mwilini.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi wanalipita. Mnapoinama katika njiwa, paji la uso linagusa sakafu, macho yamefumba, hakuna anayekuona. Kwa mtu aliyesali tangu utotoni, hiyo ni karibu na sujudu, na wengi wetu tumewahi kulia hapo kabla hata hatujasikia neno yoga. Mwili hujifunza kwamba mahali fulani panaruhusu jambo fulani. Mimi naliona hili kuwa na uzito kuliko nyonga zenyewe.

Na sasa nyonga. Hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha huzuni iliyohifadhiwa kwenye msuli. Msuli una nyuzi, damu, maji na mishipa ya fahamu. Kumbukumbu iko kwenye ubongo. Ni kweli kwamba mtu mwenye hofu ya muda mrefu hukaza misuli fulani mara kwa mara, taya, shingo, tumbo na hata hiyo soasi, na kwamba kuilegeza kunaweza kumrudishia hisia. Ila hiyo ni njia ya kwenda na kurudi baina ya ubongo na mwili, wala si kabati lililofungwa. Wazo la misuli kubeba hisia lilipata nguvu Ulaya katika miaka ya 1930 kwa Wilhelm Reich, mwanafunzi wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi. Reich alisema watu hujijengea gamba la misuli kujikinga na hisia zao. Walimu wa Magharibi walilichanganya na yoga baadaye. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Kihindi cha karne ya 15, kinautaja huo mkao wenu wa mwisho wa kulala chali, kama maiti, na kusema kwamba unaondoa uchovu na kuipumzisha akili. Hayo tu.

Habari ya sumu nayo ina asili yake. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Minnesota, William Frey, alilinganisha machozi ya huzuni na machozi ya kitunguu, akakuta ya huzuni yana protini zaidi. Kutoka hapo watu wakaruka hadi “kulia kunasafisha mwili.” Machozi ya kilio kimoja ni kiasi kidogo mno kuusafisha mwili, kazi hiyo ni ya ini na figo, na zinaifanya ukilia usilie. Nasisitiza kwa sababu ukiamini ni sumu, utataka itoke zaidi. Utaanza kuitafuta kwikwi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Maana ulichoandika kuhusu kifua kubana na vidole kuingia ganzi ni jambo tofauti na machozi. Mtu akilia kwa kwikwi anapumua haraka na kwa juu juu, anatoa kabonidioksidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Damu inapungukiwa na asidi yake ya kawaida, kalsiamu iliyo huru kwenye damu inashuka, na mishipa ya fahamu inakuwa na kiherehere: ganzi midomoni na vidoleni, hata vidole kukakamaa na kujikunja. Mishipa ya damu ya ubongo nayo inajibana, ndiyo kizunguzungu. Mwalimu akikwambia “iachie, pumua zaidi” wakati huo, anaongeza tatizo. Dawa ni kupumua kidogo na polepole, kwa pua, ukitoa kwa muda mrefu, na baada ya dakika chache ganzi huondoka. Kama darasani kwenu mnafanya kapalabhati au pumzi nyingine za kupiga kwa kasi, ziache kwa sasa. Mjamzito, mwenye presha ya juu, kifafa au ugonjwa wa moyo asizifanye kabisa. Na kifua kikibana usipokuwa unalia, ukipanda ngazi kwa mfano, au maumivu yakaenda mkononi au tayani, hilo si la yoga. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu dada yako. Imani yake siwezi kuihukumu, na Tanga watu wanayajua mambo hayo kuliko mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu anayelia huku anasikia, anajibu akiitwa jina, na anakumbuka yote baadaye, hajapotewa na fahamu. Ingekuwa unaanguka, unatetemeka mwili mzima, unajing’ata ulimi au kujikojolea, ningekwambia uende kupimwa kifafa. Na kilio cha ghafla kisichoendana na hisia yoyote, kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi, kina jina lake kitabibu na kina dawa. Wewe hujataja hata kimoja kati ya hivyo.

Swali ninalotumia kutofautisha kilio kisicho na shida na kile kinachohitaji msaada ni hili: saa mbili baada ya darasa unakuwaje? Ukijisikia mwepesi, mchovu kidogo, ukala na kulala vizuri, sawa. Ukirudi nyumbani ukiwa umeganda, usingizi umekatika, picha za hospitali alikofia mama zinakurudia kana kwamba uko pale, au darasani unajiona uko nje ya mwili wako, hapo yoga peke yake haitoshi. Muone mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili. Si lazima uache mkeka. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Bessel van der Kolk huko Marekani, uliohusisha wanawake 64 waliokuwa na kiwewe ambacho tiba nyingine hazikukimaliza. Kundi moja lilifanya yoga kwa wiki 10, jingine likapata masomo ya afya. Mwishoni, asilimia 52 ya kundi la yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, dhidi ya asilimia 21 ya kundi la pili. Lakini angalia yoga yenyewe ilivyokuwa: mikao mepesi, mwalimu anapendekeza badala ya kuamuru, na mwanafunzi ana uhuru wa kuacha wakati wowote. Lengo lilikuwa kuuhisi mwili na kujichagulia cha kufanya. Hakuna aliyesukumwa alie.

Kwa hiyo njiwa ifanye ukiwa umelala chali, kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mwingine, dakika moja kila upande. Unapata mvuto ule ule wa makalio, na uso uko wazi. Mkao wa ngamia, ule wa kupinda nyuma kifua kikiwa juu, ungoje kwanza. Wakati wa kulala mwishoni, lala ubavu kama chali kunakuzidi, au kaa umeegemea ukuta macho wazi. Machozi yakija, usiyazuie na usiyafuate. Yaache yatoke, endelea kutoa pumzi polepole. Yakigeuka kwikwi, fumbua macho, bonyeza viganja sakafuni, hesabu kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona chumbani, kisha kaa. Weka mkeka karibu na mlango ili ukitaka kutoka usiruke watu. Baada ya darasa kunywa maji, kula kitu, na usikimbilie pikipiki ukiwa bado kichwa chepesi.

Na zungumza na mwalimu kabla ya darasa, si baada. Mwambie: “Nikilia, niache. Usinishike, usinitangaze, usinieleze maana yake.” Mwalimu mzuri atashukuru. Akiendelea kukubonyeza mgongo ili “itoke,” au akijitolea kuwa mshauri wako wa msiba bila kuisomea kazi hiyo, tafuta mwingine.

Mwisho, kiuno, maana hicho ndicho kilichokupeleka huko. Kama maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti, au mguu unaingia ganzi au kukosa nguvu, usivute njiwa ya aina yoyote mpaka upimwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Na ukianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi ikaingia sehemu unazokalia, usingoje miadi, ni dharura.