Neno la kwanza ndilo wanalolisoma

Mimi ni katibu wa kikoba cha wauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa la sentensi moja. Vikao vyetu tunavifanya siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi haziwavuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, watu wanapata nafasi. Safari ile tulipanga Jumamosi, mwenyekiti akapata safari, tukakivuta kikao hadi Alhamisi. Nikatuma kwenye kundi la WhatsApp: "Kikao cha Jumamosi saa nne asubuhi pale ghalani kimehamishiwa Alhamisi kutokana na dharura."

Alhamisi tulikaa watu watano. Jumamosi wakaja kumi na nane, na kanga zao nzuri, wakanipigia simu niko wapi. Nilipofika dada mmoja akanionyesha simu yake. Juu ya kioo palionekana "Kikao cha Jumamosi saa nne asubuhi pale gha…" Basi. Alisoma hayo, akairudisha simu kwenye mkoba.

"Kaka katibu, si umeandika mwenyewe?"

Chuoni nilisomeshwa jambo hili, nikalifaulu kwenye mtihani bila kulielewa. Michael Halliday, mwanaisimu Mwingereza aliyefariki Sydney mwaka 2018, alieleza kwamba kila kishazi kina mahali kinapoondokea, kisha ndipo habari yenyewe inafuata. Mwanaisimu mwingine, Vilém Mathesius wa Prague, alikuwa ameligusa kabla yake. Mimi mahali hapo napaita kianzio. Wajapani wana kijineno chao, "wa", cha kukitia alama. Waingereza hukitambua kwa kuja kwanza. Kianzio changu kilikuwa Jumamosi, siku ambayo hakuna kikao!

Kiswahili kinatupa nafasi ya kuchezesha mpangilio, kwa sababu mtenda tumeshambandika kwenye kitenzi. Mtu akiuliza pesa ziko wapi, namjibu: "Pesa nimempa mhazini." Akiuliza habari za mhazini, namwambia: "Mhazini nimempa pesa." Maneno ni yale yale matatu, mtoaji ni mimi kote kote, ila la kwanza linafuata zilikokwenda pesa na la pili linamfuata mtu. Kwa hiyo usikariri kwamba kianzio lazima kiwe kiima. Hata mahali panafaa: "Ghalani mna magunia sita" ni jibu la anayetaka kujua ghala lina nini.

Kabla ya kuandika, jiulize msomaji wako ana swali gani kichwani, uanzie hapo. Mimi husema sentensi kwa sauti kwanza, kama namjibu mtu aliyesimama mlangoni.

Ila kianzio kinaweza pia kumficha mtu. "Elfu arobaini imetumika kwa usafiri." Nani katumia? Sentensi imeondoka na hela, mtumiaji kabaki nje. Nikiiona kwenye taarifa ya mapato na matumizi naomba iandikwe upya ianze na jina, na hapo ndipo watu wananiona mkorofi.

Mihtasari nayo niliiharibu miaka mingi: Mwenyekiti alisema, mwenyekiti alisema, mwenyekiti alisema. Siku hizi nakamata kilichoishia sentensi moja, naanzia nacho inayofuata: "Kikundi kimenunua chanja mbili. Chanja hizo zitakaa nyuma ya ghala. Ghala litafunguliwa saa moja." Si lazima kila mahali, ukizidisha inakuwa kama hadithi ya watoto.

Mbalamwezi iliyofuata tarehe ilibadilika tena. Nikaandika: "Alhamisi hii ndiyo kikao, saa nne, ghalani. Jumamosi hakuna." Wakaja wote isipokuwa mzee mmoja, aliyetokea Jumamosi na daftari lake kwapani. Yeye ana kitochi, WhatsApp hana. Huyo sasa nampitia nyumbani.