Spika ni zile zile, mbona kwangu besi inavuma?

SWALI: Nimenunua spika kubwa za kusimama sakafuni baada ya kusoma sifa nyingi za wamiliki wake. Wanasema besi imetulia na inashuka chini kabisa. Kwangu noti fulani za gitaa la besi zinavuma mpaka vioo vya dirisha vinalia, nyingine hazisikiki kabisa. Sebule ni mita 5 kwa 4, spika ziko upande mfupi, na kochi limegusa ukuta unaozikabili. Mmoja ananiambia nizipigishe muziki saa mia kadhaa zilainike, mwingine anasema amplifaya yangu ya wati 80 haitoshi. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa sasa, hakuna. Kiini cha tatizo umekitaja mwenyewe, tena kwa kupitia tu: kochi limegusa ukuta.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kuta zilizoachana mita 5 hulisimamisha wimbi la hezi 34 hivi (mitetemo 34 kwa sekunde), yaani hulirudisha huku na huko hadi likawa kama limesimama mahali pamoja, na jingine la hezi 69. Zile zilizoachana mita 4 hulisimamisha la hezi 43. Mawimbi haya huwa na nguvu zaidi ukutani. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41, kwa hiyo hilo la 34 halikusumbui sana katika muziki huo. Mkorofi wako ni la 69, nawe umekaa penye kilele chake. Noti zinazopotea je? Kama umekaa katikati ya upana wa chumba, hapo ndipo wimbi la hezi 43 linapokufa, nayo noti ya fa ya chini inaondoka nalo.

Sasa mfikirie mwenye spika pacha na zako katika chumba cha mita 7 kwa 5, kiti chake kikiwa mbali na ukuta. Milima na mabonde ya sauti yake, yaani panapovuma na panapopotea, yako kwenye noti nyingine kabisa. Anaposema besi imetulia hasemi uongo, ila anaeleza chumba chake. Chini ya hezi 200 au 300 hivi chumba ndicho chenye usemi mkubwa, hata spika iwe ya bei gani. Ndiyo maana ushuhuda usiotaja vipimo vya chumba, mahali pa spika na mahali pa kiti mimi huusoma kwa sehemu ya tweta tu, yaani spika ndogo ya sauti za juu. Na hata hapo kwa tahadhari: mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walibadili alama walizozipa spika pale tu walipoziona.

Anza na kochi. Livute mbele sentimita 60, usikilize, kisha livute tena kidogo. Spika nazo zisogeze mbali na ukuta ulio nyuma yake, lakini fahamu kwamba umbali huo una gharama yake: wufa (spika ya besi) ikiwa sentimita 60 kutoka ukutani, sauti inayorudi hufuta sehemu ya hezi 143 hivi. Jaribu umbali tofauti. Kama kabati la spika lina tundu la besi, kulijaza sponji hupunguza uvumi, ingawa besi ya chini nayo hupungua. Zulia na sponji nyembamba za ukutani zisikugharimu pesa kwa ajili ya tatizo hili. Wimbi la hezi 69 lina urefu wa karibu mita 5, halishtushwi na kitambaa.

Ukiweza, nunua maikrofoni ya kupimia, utumie programu ya bure ya Room EQ Wizard. Ukisharekebisha nafasi, punguza vilele vilivyobaki kwa ikwalaiza, kirekebishi cha nguvu ya kila sehemu ya sauti. Mabonde usiyajaze: unamwaga wati nyingi na noti hairudi.

Kuhusu saa mia kadhaa: mpira na kitambaa vinavyoishika koni (sehemu ya spika inayotetema) hulegea kidogo mwanzoni, lakini kuta zako hazilegei. Masikio ndiyo yanayozoea. Na amplifaya iliyozidiwa hukwaruza na kuchoma masikio, haivumishi noti moja ikaziacha nyingine. Spika nyingi za aina hiyo hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa wati moja umbali wa mita moja, kwa hiyo kwa usikilizaji wa kawaida unatumia wati chache tu. Kutoka 80 kwenda 160 utaongeza desibeli 3, na zile hezi 69 zitavuma kwa nguvu zaidi.