Moyo Ukikauka, Usikimbie Sala Wala Ndoa

Watu wengi huniambia, "Siku hizi nikisali sisikii kitu." Wengine husema hivyohivyo kuhusu mume au mke: mapenzi yamepoa, basi pengine hayakuwepo tangu mwanzo. Nawaelewa. Baba yangu alipofariki, kwa muda mrefu nilikuwa napiga magoti usiku na maneno hayaji. Nikawa nabaki palepale kwa muda uleule niliouzoea, kimya, kisha nalala. Kesho yake tena. Sikujilazimisha kulia wala kujifanya nina furaha ya kiroho. Na kwa mwenzangu sikuwa na la kusema ila ukweli: "Nimechoka, lakini nipo." Neno hilo lilitubeba kuliko maneno matamu.

Tangu hapo habari za Ruthu katika Biblia hunigusa sana. Mmoabu, mjane, na mama mkwe wake Naomi anamsihi arudi kwao. Akamjibu kwamba watu wa Naomi watakuwa watu wake, na Mungu wa Naomi atakuwa Mungu wake. Kumpenda mtu na kumwamini Mungu akaviapia kwa pamoja. Waislamu nao wanamkumbuka Bibi Khadija, mke wa Mtume Muhammad na wa kwanza kumwamini. Baada ya kufariki kwake, Mtume alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea nyama marafiki wa marehemu. Nani angemdai hilo? Kwangu mimi, uaminifu hasa ndio huo.

Kwa hiyo acha kupekua simu ya mwenzako ukitafuta amani. Usipokuta kitu leo, kesho utapekua tena, maana wasiwasi haushibi. Mwambie ana kwa ana, "Kuna jambo linaninyima usingizi," kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Mungu naye mweleze shaka zako bila kuzipamba. Ayubu alilalamika kwa uchungu mkubwa, na bado aliendelea kusema na Mola wake.

Lakini tusidanganyane. Anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa jina la dini. Anayepiga ndiye aliyevunja agano, na kiongozi wa dini anayekurudisha kwenye kipigo hakutendei haki; tafuta mwingine. Ondoka kwanza uwe salama. Mazungumzo yatafuata ukiwa mzima.