Mwanangu anaamini kila kinachoingia kwenye simu

SWALI: Dada habari za kazi. Nina kijana wa miaka 15, kila anachotumiwa kwake ni kweli. Juzi kaniletea picha ya samaki papa anaogelea barabarani kwenye mafuriko, nikamwambia huo uongo, akaniuliza "umejuaje mama?" nikakosa jibu. Nimsaidieje? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, hilo swali lake ni zuri mno, usilizime, hapo ndo pa kuanzia. Hiyo picha ni ya zamani sana, 2011 wakati wa kimbunga Irene ilizunguka ikasemwa ni Puerto Rico, 2017 kimbunga Harvey kilipopiga Texas ikarudi tena wakasema ni Houston, na papa mwenyewe katolewa kwenye picha nyingine iliyopigwa baharini Afrika Kusini akabandikwa barabarani. Ila usimhadithie wewe, mwache aitafute mwenyewe. Aiweke kwenye Google Lens au TinEye, zinatafuta kwa picha badala ya maneno, na TinEye inakubali kupanga majibu kuanzia ya zamani kabisa. Akimkuta papa yuleyule kwenye sehemu mbili tofauti hutahitaji kubishana naye.

Picha za AI, yaani zilizotengenezwa na akili mnemba ya kompyuta, ni ngumu zaidi maana hazina picha ya zamani ya kulinganisha, hapo atafute nani kairusha wa kwanza.

Kwa habari za kuandikwa, wengi tunakosea kwa kubaki palepale kwenye ukurasa, tunaangalia nembo nzuri, kiswahili kimenyooka, basi tunaamini. Atoke nje ya huo ukurasa, aandike jambo lenyewe kwenye gugo aone nani mwingine kalisema, kama ni jambo kubwa kweli haliwezi kuwa na ukurasa mmoja tu dunia nzima. Tarehe nayo aangalie, habari ya kweli ya miaka minne nyuma ikirushwa kama ya leo inadanganya vilevile. Na kwenye WhatsApp akiona ile mishale miwili ajue ujumbe umeforwadiwa mara nyingi, haimaanishi ni uongo, ila aliyemtumia huenda hata hajui ulikotoka.

Nakuomba sana dada yangu, akituma uongo kwenye grupu la familia usimuumbue pale, mfuate inbox. Akiaibika hatakuletea tena, ataendelea kuamini kimyakimya. Na wewe ukitumiwa kitu usichokielewa mpelekee, mwambie mwanangu hebu niangalizie hii kabla sijaituma kwa shangazi zako.