Picha Inayozungumza Katika Somo la Kiingereza

Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza kutoka shule ya msingi ya Serikali amesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha ghafla anatakiwa kujibu kwa Kiingereza mbele ya wenzake walio tayari kumcheka. Hapa Tukuyu nimewafundisha wengi wa namna hiyo, na kilichowasaidia kusema kuliko mbinu zangu nyingine ni katuni inayozungumza, kwa sababu darasa likicheka, linamcheka kiumbe wa kwenye kioo cha kishikwambi.

Ninatumia programu ya bure iitwayo ChatterPix Kids: unapiga picha ya kitu au mchoro, unachora mstari mahali pa mdomo, unarekodi sauti isiyozidi sekunde 30, na picha inaanza kusema. Ipo pia Voki, yenye wahusika waliokwisha kuchorwa, nayo inaweza kuyasoma maneno uliyoyaandika kwa sauti ya kompyuta. Walimu wenzangu wa lugha nawashauri waiepuke sauti hiyo, hata kama matamshi yake ni safi kuliko yetu, kwa kuwa mwanafunzi aliyeandika kisha akasomewa na mashine bado hajafungua kinywa, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Usianze na kifaa. Wape karatasi, uwape na muda wa kutosha wa kuandika na kufuta, maana sekunde 30 huonekana nyingi mpaka mtu ajaribu kupanga maneno yatakayoenea ndani yake. Kundi moja lilichagua Kimondo cha Mbozi, kilichopo mkoani Songwe, ndicho kizungumze, na likaandika kwamba ni jiwe kubwa lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Mmoja wao akapinga, akisema kimondo hicho kwa sehemu kubwa ni chuma. Ubishi uliofuata, ambao niliwataka waumalize kwa Kiingereza, ulizaa sentensi nyingi kuliko rekodi yenyewe. (Vitu na wanyama hufaa kuliko picha za wanafunzi wenyewe, ambazo sipendi zisambae kwenye WhatsApp.)

Kishikwambi kimoja cha mwalimu kinatosha, makundi yakipokezana. Shida ya huku kwetu ni mvua: ikishaanza kupiga bati, hakuna rekodi itakayosikika, kwa hiyo rekodini asubuhi kukiwa kukavu, au ombeni stoo ya vitabu, ambayo haina mwangwi mwingi.

Katika kusahihisha, alama ninazigawa kati ya maandishi na usemaji, na uzuri wa picha haupati kitu. Makosa ya matamshi siyataji mara moja. Mwanafunzi akijisikiliza, mara nyingi huomba mwenyewe kurekodi upya, na ombi hilo mimi hulikubali hata kama kengele imekaribia kugongwa.